Saa Moja ya Wapi?

Mume wangu alinunua redio kwa ajili ya wanaume wenzake. Hilo alilisema waziwazi, tena kwa fahari, siku hamali alipoitua ukumbini kwetu, katika nyumba ya mawe tuliyokuwa tukikaa Malindi, hapa Unguja. Yeye alikuwa karani bandarini, na katika baraza aliyokuwa akikaa jioni palikuwa na bwana mmoja mwenye redio. Kila jambo likizungumzwa, bwana yule alianza na "mie nimesikia kwa masikio yangu". Maneno hayo yalimkera mume wangu mpaka yakamkosesha hamu ya chakula. Basi akanunua na yeye, ili asikie kwa masikio yake.

Lilikuwa sanduku la mbao linalong'aa, zito, lenye kioo kirefu kilichoandikwa majina ya miji, vifungo vinne vya kuzungusha, na juu ya kioo jicho moja la kijani. Jicho lile lilikuwa likifumbuka sauti ikipotea na likifumba sauti ikishika vizuri. Majirani walikuja kutupa hongera kana kwamba nimejifungua. Mimi nilikuwa na miaka miwili ya ndoa na bado sijazaa, kwa hiyo hongera zile zilinichoma kidogo, lakini nilipokea nikagawa kashata.

Mama mkwe, ambaye alikuwa akikaa nasi ghorofa ya juu, aliipokea redio kwa njia yake. Jioni ile ya kwanza, wanaume wamejaa ukumbini na msomaji wa habari yuko katikati ya maneno, aliteremka kimya kimya na chetezo cha udi akakiweka nyuma ya sanduku. Moshi uliingia kwenye vitundu vya nyuma ukatokea mbele, kwenye kile kitambaa cha sauti. Mume wangu alidhani redio inaungua. Aliruka kuchomoa waya ukutani, akaanguka na kiti chake mbele ya wageni aliowaita kuja kumwonea wivu. Mama mkwe alimtazama pale chini bila haraka.

"Nlikuwa nnamfukiza tu mgeni wenu," alisema.

Tangu siku hiyo redio kwetu ikaitwa mgeni. Taabu ikawa kwamba mgeni huyo alikuwa mwanamme. Mama mkwe alikuwa mtu wa stara, na sauti ya msomaji wa habari ilikuwa nene, ya mtu mzima, ikiingia ndani bila hodi. Kila alipoteremka alijifunika ushungi mpaka machoni. Na lile jicho la kijani ndilo lilimmaliza kabisa. "Lanitazama," alimwambia mwanawe. "Nikenda huku lanitazama, nikenda kule lanitazama." Mume wangu alijaribu kumweleza habari za umeme. Mwishowe wakaafikiana kwamba mama akiteremka, mgeni ageuzwe uso ukutani. Kwa muda mrefu taarifa ya habari katika nyumba yetu ilikuwa ikisomwa kwa ukuta, na wanaume wakiinama kuisikiliza.

Mimi nilipewa amri moja tu, kwamba redio isiguswe. Nilionyeshwa namna ya kuifuta vumbi nikikwepa vifungo, na kitambaa cha kufuma kikatandikwa juu yake. Mume wangu alikuwa ameiweka kwenye kituo chetu cha hapa hapa, akiifungulia jioni na kuifunga baada ya habari. Sanduku lenye miji yote ya dunia kwenye kioo, likafanywa kama mbuzi wa kamba, kula majani ya mahali pamoja. Nami nikiambiwa kitu kisiguswe, mikono inaanza kuniwasha.

Asubuhi moja, mume kazini na wali jikoni, nilizungusha kile kifungo ambacho hakuwa akikizungusha kamwe, cha mawimbi mafupi. Redio ilipiga mluzi. Ikakoroma, ikakwaruza, ikatoa mlio wa mtu anayesukutua, kisha ikatulia, na mwanamme akasema jambo katika lugha ambayo mpaka leo siijui. Nilikaa chini sakafuni. Alikuwa wa wapi? Alikuwa akigombana au akisoma bei za vitunguu? Alijua kwamba amesimama ukumbini kwangu Malindi, na mimi nimejifunga kanga kifuani? Nilizungusha kidogo, kama unavyochota chumvi kwa ncha za vidole, na mtu mwingine akaja juu yake, na nyuma yao wote ngoma. Harufu ya wali unaoungua ilinifikia mwisho wa yote. Mchana mume wangu alikula ukoko kwa samaki, nami nikayasingizia makaa.

Basi nilinasa. Kuna wanawake walionasa katika karata na wengine katika harusi za watu, mimi nilinasa katika mawimbi mafupi. Kila asubuhi, mlango ukishafungwa nyuma ya mume wangu, nilikuwa nikivua kitambaa cha kufuma na kuanza kuwinda. Nikipata kituo kizuri niliweka nukta ya wanja kwenye kioo ili kesho nikikute. Nilijua Misri kwa nukta, Uhindi kwa nukta mbili, na kituo kimoja chenye mwanamke anayesoma kama anayembembeleza mtoto nilikipa nukta kubwa kuliko zote. Mume wangu aliziona akasema nzi wa mwaka ule wamezidi uchafu.

Mengine nilijifunza kwa fundi redio mmoja wa Darajani, mzee wa Kihindi. Nilimpelekea pasi ambayo haikuwa na ubovu wowote, na wakati akiifungua nikamuuliza, kana kwamba nimetumwa, kwa nini kituo cha asubuhi hakipatikani usiku mahali palepale.

"Mwambie bwana," alisema bila kuinua macho, "mchana akae mita kumi na sita, kumi na tisa. Jua kuzama, arudi thelathini na moja, arubaini na tisa. Sauti ya mbali inapanda na kushuka na jua. Na waya, mama. Waya mrefu, juu, nje. Usiguse bati."

Nilisema nitamwambia bwana. Bwana nisingemwambia hata kwa bakora. Nilinunua waya mwenyewe na kuupitisha kutoka dirisha letu la juu mpaka ukingo wa nyumba ya jirani yangu wa ng'ambo ya kichochoro, mwanamke wa makamo ambaye dirisha lake na langu yalikuwa karibu kiasi cha kupeana bakuli la mchuzi. Chini ya waya ule palikuwa na kipaa chake cha mabati. Mume wangu alipouliza ni kitu gani kile, nilimwambia kamba ya kuanikia nguo. Aliridhika. Kwa bahati mbaya jirani yangu alikuwa dirishani wakati huo, akasikia, na yeye pia akaridhika. Kuanzia kesho yake akaanika.

Kanga mbichi zikining'inia, waya ulikuwa ukilegea mpaka ukalalia bati, na dunia nzima ikinyamaza. Nilipiga redio makofi, nikaisemesha, nikaisomea. Siku nilipochungulia nje na kuona doti tatu za kanga na shuka juu ya Misri na Uhindi, nilitaka kulia. Nami nisingeweza kusema neno, maana nani aliyeiita kamba ya nguo? Nikawa nikimwomba jirani aanue mapema, kwa kisingizio cha mvua, hata jua likiwa la kupasua vichwa. Alianza kunitazama kwa huruma.

Mama mkwe alinifuma katika wiki za mwanzo tu. Nilisikia kandambili zake kwenye ngazi, na kabla sijawahi kugeuza sanduku, ameshafika, ushungi machoni. Kwenye redio mwanamke wa Kihindi alikuwa akiimba.

"Nani huyo?"

"Mwanamke mwenzetu, mama. Yuko Uhindi."

Alifikiri. Akashusha ushungi, akakaa juu ya mkeka. "Basi mwache aseme," alisema.

Hivyo nikapata mwenzangu. Masharti yake yalikuwa magumu kidogo, kwamba akitokea mwanamme nigeuze kifungo upesi, kwa hiyo sisi wawili tulizunguka dunia kwa sauti za wanawake peke yake. Tuliruka wafalme na mawaziri, tukatua kwa waimbaji na wasomaji wa mapishi. Hakumwambia mwanawe. Hata siku mume wangu alipogusa redio akaikuta ya moto mchana kweupe, mama alimwambia ni joto la msimu.

Sasa niseme habari ya kitindamimba chake, maana ndiye aliyekuwa nyuma ya yote. Mume wangu alikuwa na ndugu mmoja tu, mdogo, ambaye alipanda meli za Kizungu kutia makaa tanurini, ndevu ndiyo kwanza zinamwota. Miaka ikapita. Alikuwa akituma salamu kwa vinywa vya mabaharia, mara yuko bandari hii, mara ile, na mwishowe tukasikia amekaa Uingereza. Watu hawakuacha kusema. Jirani yangu wa dirishani, ambaye alikuwa na moyo mzuri na ulimi mbaya, alikuwa akisema vijana wakishazoea mkate wa siagi hawarudi kwenye muhogo. Alisema yule kashakuwa Mzungu, wala si ajabu kaoa Mzungu, na watoto wake wataitwa majina yasiyotamkika.  Mama mkwe aliendelea kuchambua mchele, na mara nyingi niliona anautupa mchele na kubakisha chuya.

Hakuwa akiuliza kitindamimba chake atarudi lini. Mimi nilikuwa nikilala naye chumba kimoja mume wangu akiwa zamu ya usiku, na najua alikuwa akiuliza nini, maana aliuliza kwa sauti akidhani nimelala. Aliuliza kama mwanawe bado ni mwanawe. Nilikuwa nikimpenda mwanamke yule, na swali lile lilikuwa likiniuma kama langu.

Ndipo siku moja akabisha hodi baharia wa Tumbatu, mtu mfupi mwenye haraka, ameshuka melini asubuhi ileile na jahazi la kwao linamngoja. Hakukubali hata maji. Alisimama mlangoni, akamwambia mama kwamba mwanawe mzima na anamsalimu, na kwamba kuna kituo cha huko, chenye kuanza kwa kengele, kinawapa mabaharia nafasi ya kusema na watu wao. Zamu ya mwanawe ni Ijumaa inayokuja. Ijumaa, saa moja. Tulipomaliza kusema alhamdulillahi, mtu wetu ameshageuka pembe ya kichochoro.

Mume wangu aliichukua habari ile mpaka barazani akarudi amepanda cheo. Yule bwana wa "masikio yangu" hakuwa na ndugu redioni. Mume wangu aliwaalika watu wote, akaagiza halua, akamwambia muuza kahawa aje na vikombe vyake vyote Ijumaa baada ya magharibi, kwani saa moja jioni ndugu yake atasema na Unguja.

"Saa moja ya wapi?" nilimuuliza.

"Saa moja ni saa moja."

"Ya asubuhi au ya jioni? Ya kwetu au ya kwao? Huko kwao sasa hivi hata si saa hii."

"Mke wangu," alisema kwa upole wa kuniudhi, "saa ni saa. Duniani kote mshale mkubwa ni mkubwa na mdogo ni mdogo. Mambo haya ya redio yanataka mtu aliyeyasomea."

Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa nimeshika chungu cha moto. Lakini mama mkwe alinisikia. Yeye alikuwa na saa yake ya mfukoni, ya marehemu mumewe, ambayo kila jua likizama alikuwa akiiweka kwenye kumi na mbili, kwa hiyo haikupata kukubaliana na ya mume wangu hata siku moja. Jambo la saa kuwa zaidi ya moja halikuwa geni kwake. Alinisubiri jikoni.

"Tutazijaribu zote," aliniambia. "Mie na wewe."

Ijumaa ikafika. Mama alikuwa ameoga na kujifukiza tangu alfajiri, amevaa kanga mpya, utadhani anapeleka posa. Saa moja ya asubuhi, mume wangu amekwenda kununua halua, tulifungua. Tulipata mtu anakohoa na baada yake kinanda. Mama alikisikiliza kinanda mpaka mwisho, kwa adabu, akidhani huenda mwanawe yuko nyuma yake.

Saa saba mchana, ambayo kwa Wazungu wa hapa ndiyo saa moja, wanaume wako msikitini, tulifungua tena. Mwanamme alikuwa akizungumza polepole, na kila akitua ikasikika sauti nzito ndefu.

"Ndo yeye?" mama alinishika mkono. "Mbona kavimba sauti?"

"Huyo ng'ombe, mama."

Tulikaa. Nilianza kuosha vyombo kwa hasira, na katika kuosha ndipo akili ikanijia. Kijana yule amekaa na Wazungu miaka. Anaamka wakiamka, anakula wakila. Akiulizwa saa ngapi, anatazama saa ya ukutani kwao, anaona moja, anasema moja. Atakuwa amemwambia baharia saa moja kama anavyoiona pale alipo, saa moja ya mchana wao. Nami kwa kuwinda kwangu nilijua kwamba mchana wao kwetu ni alasiri, maana wako nyuma yetu kwa saa tatu. Basi ni saa kumi yetu! Nilipiga ukelele, nikakimbia na mikono ya povu.

"Mama, n'shajua! Si jioni! Kahesabu saa za Kizungu!"

Nilidhani atafurahi. Uso wake ulianguka. Alikaa akitazama mikono yake, na mimi nikaelewa nilichosema, nikatamani kuumeza ulimi wangu.

"Kwa hivo hata saa kasahau," alisema.

Akapanda juu kusali. Nilibaki chini na jicho la kijani likinitazama, nikijilaumu, nikimlaumu baharia wa Tumbatu na haraka zake, nikiwalaumu Wazungu kwa kuanza siku katikati ya usiku wakati jua limewekwa pale kwa kusudi hilo. Nilikuwa na hakika hatateremka. Lakini saa kumi ilipokaribia nilisikia ngazi. Alikuja amejifunika mpaka machoni, akakaa kwenye mkeka mbele ya redio, na hakuniambia niigeuze ukutani.

Niliiweka mita kumi na tisa. Kengele zikalia, mbali, na mara zikazama. Likabaki jicho limefumbuka wazi na mvumo wa kukaanga samaki. Sikuhitaji kuambiwa. Nilipanda ngazi mbili mbili mpaka dirishani.

"Shoga! Anua!"

"Mvua iko wapi leo?" jirani alijibu, amejaa dirishani kwake. "Kanga hazijakauka."

"Zitoe! Shemeji yangu kazama chini ya kanga zako!"

Alidhani nimeingiwa na shetani, na nadhani ndiyo maana alitii upesi. Alizivuta zote kwa mkupuo. Waya ukaruka juu, na nilipofika chini jicho limeshafumba na sauti imejaa ukumbini.

Walikuwa wakisema mmoja mmoja, kila mtu kwa lugha yake, na kila mmoja amepewa punje ya muda. Waliokuja kabla ya shemeji yangu walikuwa wameelewa hivyo. Alisema Msomali mmoja kama anayekimbizwa. Alisema kijana wa Mombasa kwa pumzi moja, bila nukta wala koma, kwamba ni mzima msiuze shamba mtoto aitwe jina la babu nakuja Mfunguo Mosi kwaherini. Kisha ikawa kimya kidogo, na sauti nyingine, ya taratibu, ya mtu aliyesimama wima.

"Mama."

Mama mkwe hakutikisika.

"Mama, shikamoo."

Na akanyamaza. Nilidhani nimekipoteza kituo, mkono ukanirukia kwenye kifungo, lakini jicho lilikuwa limefumba vilevile. Mvumo ule mwembamba uliendelea, na ndani yake nilisikia mtu anapumua. Hakupotea. Alikuwa amenyamaza tu.

"Marahaba, mwanangu," mama mkwe alisema.

Na pale tu alipomaliza, sauti ikaendelea.

"Hujambo, mama?" Ikanyamaza tena.

"Sijambo, baba."

"U mzima?"

"Mzima, alhamdulillahi."

Ushungi ulikuwa umemwangukia mabegani wala hakuuokota. Alikuwa ameinama mbele, kichwa upande, kama mtu anayezungumza na mtoto aliyemsimamia mlangoni. Kule Uingereza kijana yule hakuwa na njia ya kumsikia. Lakini alikuwa akimpa nafasi yake kila alipouliza, ndefu ya kutosha, kama anavyopewa mkubwa, na yeye akiitikia humo ndani bila kukosea.

"Kaka hajambo?"

"Hajambo, yuko msikitini."

"Na shemeji hajambo?"

Kimya. Mama mkwe alinigeukia, akanitolea macho.

"Sijambo," nilisema haraka, nimeshika kifungo.

"Na majirani hawajambo?"

"Hatujambo!" sauti ilitoka dirisha la ng'ambo, ambako shoga yangu alikuwa ametoa kiwiliwili chote nje, na kanga mbichi zote mikononi.

Nami nilikuwa nachemka. Sema, wewe! nilikuwa nikimwambia moyoni. Punje yako inakwisha! Sema unarudi lini, sema umeoa au hukuoa, sema lolote! Yule wa Mombasa alikwisha okoa shamba na kutoa jina la mtoto kwa muda huohuo, na wewe bado uko mlangoni! Lakini alikuwa hana haraka hata kidogo. Aliuliza habari za tangu siku ile, akangoja akaambiwa njema. Aliuliza mguu wa mama ule uliokuwa ukimsumbua, akangoja akaambiwa umepoa. Kisha akavuta pumzi, tukaisikia wote, ikavuka bahari zote ikafika Malindi.

"Basi mama, mimi n—"

Kengele. Na Mgoa mmoja akaanza kuwasalimu watu wake.

Nilisimama nikamtukana shemeji yangu matusi ambayo mwanamke hamtukani shemeji yake mbele ya mama mkwe. Nikasema ni mpumbavu. Nikasema miaka yote hii, na anapewa nafasi, anaimaliza kwa hujambo sijambo. N-nini? N-narudi? N-meoa? Nilizungusha vifungo vyote kana kwamba nitamkuta amekimbilia mita nyingine. Nilikuwa nalia, kusema kweli, na kilichoniliza ni hasira.

Mama mkwe alininyamazisha kwa kunishika upindo wa kanga. Machozi yalikuwa yakimshuka bila kelele, na uso wake sikupata kuuona vile, si kabla wala baada.

"Umesikia?" aliniuliza. "Umesikia alivyokuwa akinisubiri niitikie?"

Jioni wanaume walikuja wote. Muuza kahawa alikuja na vikombe vyake, halua ikakatwa, yule bwana wa "masikio yangu" akapewa kiti cha mbele ili ateseke vizuri. Saa moja ilipogonga, mume wangu alizungusha kifungo kwa ncha za vidole, kama daktari, na redio ikatoa mluzi mrefu. Akazungusha tena. Jasho lilipoanza kumtiririka shingoni nilimwonea huruma, nikamnong'oneza kwamba ndugu yake ameshasema tangu alasiri. Alinitazama, akatazama zile nukta za wanja kwenye kioo, akanitazama tena. Najua alikuwa akijumlisha.

Ilibidi waambiwe. Mama mkwe aliitwa, akateremka, akasimama kwenye ngazi ya mwisho. Mume wangu alimuuliza mbele ya watu kama ni kweli, na mdogo wake kasema nini.

"Kaniamkia," alisema. "Nikamwitikia."

Walingoja. Vikombe vilikuwa vimesimama mikononi.

"Na jengine?" aliuliza yule bwana wa kiti cha mbele. "Hakusema anarudi lini?"

Mama mkwe alimtazama kama mtu anayetazama mtoto wa watu asiyelelewa.

"Atasemaje," alimjibu, "na hajamaliza kuniamkia?"